Kugawa Sawa Si Kugawa Vyema

Kila mwanzo wa muhula, katika vyumba vya walimu kote nchini, hufanyika kazi moja ambayo ni nadra kutajwa magazetini. Mwalimu huketi na kitabu cha kiada upande mmoja na kalenda upande wa pili, akaandaa maazimio ya kazi. Huhesabu mada, akahesabu wiki, kisha akazigawa za kwanza kwa za pili. Mada 24 kwa wiki 12 ni mada 2 kila wiki, kazi imekwisha. Mkuu wa idara hutia sahihi, faili hurudishwa kabatini, na hakuna anayeuliza swali lililo muhimu kuliko yote: ni nani aliyesema kwamba wiki zote ni sawa?

Swali hili halikunijia kwa sababu ya hekima. Lilinijia kwa njia ya aibu, na aibu yenyewe ililetwa ofisini mwangu na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Katika somo langu la utangulizi wa isimu nilikuwa na orodha ya istilahi 360 ambazo kila mwanafunzi alipaswa kuzijua kabla ya mtihani. Muhula ulikuwa na wiki 12 za mafunzo. Kwa kuwa nimekuwa nikijifunza, kwa kujisomea, namna ya kuandika programu za tarakilishi, niliamua kuacha kugawa kwa mkono. Niliandika programu fupi iliyosoma orodha yangu, ikaipasua katika mafungu 12, na kuchapisha karatasi moja kwa kila wiki. Nilijivunia kazi hiyo, wala sikuikagua.

Katika mtihani niliuliza maana ya diglosia. Binti mmoja, mwenye bidii isiyo na shaka, aliandika sentensi moja tu: "Neno hili hatukufundishwa." Nilimpa sufuri, nikaongeza kwa wino mwekundu kwamba asome kwa makini. Matokeo yalipotoka alibisha mlango akiwa na karatasi zote 12, zimepangwa kwa tarehe na kutobolewa vizuri kwenye faili.

"Samahani, Daktari," alisema, "nimezipitia mara tatu. Pengine mimi ndiye nisiyeona."

Nilizichukua kwa nia ya kumwonyesha. Tulihesabu pamoja, karatasi baada ya karatasi. Hazikuwa istilahi 360. Zilikuwa 356. Istilahi nne za mwisho wa orodha, diglosia ikiwa mojawapo, hazikuwa zimefika kwa mwanafunzi yeyote. Tarakilishi ilikuwa imezimeza, na mimi nikamwadhibu aliyesema kweli.

Alama zilirejeshwa kwa darasa zima, na radhi nikaomba. Lakini yafaa kueleza, kwa Kiswahili na kwa utaratibu, istilahi zile zilipotelea wapi, kwani katika maelezo hayo mna somo kwa kila mwalimu na kila mwanafunzi anayepaswa kugawa kitu kikubwa katika muda uliowekwa: iwe ni maneno, kurasa za kudurusu, fedha, au saa za kazi.

Kwanza, kwa nini sikugawa sawa? Mafungu sawa yangekuwa istilahi 30 kila wiki, bila desimali wala fumbo. Lakini wiki ya kwanza si wiki kamili. Wapo wanaotafuta pa kulala, wapo walio kwenye foleni ya usajili, wapo ambao karo haijatimia. Wiki ya mwisho nayo, wanafunzi huwa miili yao iko darasani na nyoyo ziko kwenye mitihani. Nilitaka mzigo uanze kwa wepesi, upande hadi katikati ya muhula, kisha ushuke taratibu. Kwa maneno mengine, sikutaka mstari ulionyooka. Nilitaka mstari uliopinda, ambao katika makala haya nitauita mpindo.

Mfikirie mtu aliyeweka pipa chini ya mfereji wa paa wakati wa mvua. Mvua huanza kwa manyunyu, ikanyesha kwa nguvu, kisha ikapusa. Hapo kuna mambo mawili ya kupimwa. La kwanza ni kiasi cha maji kinachoingia kila dakika. Ukikichora kwenye grafu, utapata umbo la kilima au kengele: hupanda, hufika kileleni, hushuka. La pili ni kina cha maji yaliyokwisha kulimbikizana ndani ya pipa. Hicho hakishuki kamwe. Huinuka polepole, kikainuka kwa kasi, kisha kikatulia, nacho kwenye grafu huwa na umbo la herufi S iliyolazwa kidogo. Hii ni mipindo miwili ya mvua moja. Anayeijua mmoja anaweza kuupata wa pili.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini hawakusema kwamba haba zote ni sawa.

Umbo la S si geni kwa mwanaisimu. Mbelgiji Pierre François Verhulst alilitolea kanuni mwaka 1838 alipokuwa akieleza ongezeko la watu, na wanaisimu wa karne ya 20 wakaliona katika mabadiliko ya lugha. Matamshi mapya au muundo mpya wa sentensi huanza kwa wachache, ukasambaa kwa kasi, kisha kasi ikapungua pale wanaobaki na mazoea ya zamani wanapokuwa wachache. Hata hivyo, mpindo wa Verhulst una tabia moja inayomsumbua mwandishi wa programu: hukaribia mwanzo na mwisho bila kuvigusa. Muhula hauwezi kuwa hivyo. Siku ya kwanza tumefundisha sufuri, siku ya mwisho tumemaliza vyote.

Kwa hiyo nilitumia kanuni nyepesi zaidi, inayoanza hasa kwenye 0 na kuishia hasa kwenye 1. Chukua sehemu ya muhula iliyopita na uiite m. Zidisha m kwa m. Kisha chukua 3, utoe mara mbili ya m. Zidisha majibu hayo mawili. Utakachopata ni sehemu ya kazi yote inayopaswa kuwa imekamilika kufikia wakati huo. Tuchukue mwisho wa wiki ya 3. Robo ya muhula imepita, kwa hiyo m ni 0.25. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata 0.0625. Tatu ukitoa 0.5 ni 2.5. Zidisha, nawe utapata 0.15625. Katika istilahi 360, hiyo ni 56.25. Robo ya muhula imekwisha, lakini hata sehemu moja ya sita ya kazi haijakamilika. Mwisho wa wiki ya 6, kanuni hiyo hiyo inatoa 180, yaani nusu kamili. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuthibitisha hayo kwa kalamu.

Hadi hapo hakuna kosa. Kosa linaingia pale tunapotaka fungu la kila wiki. Ukitoa limbikizo la wiki iliyotangulia kutoka kwa limbikizo la wiki hii, wiki ya kwanza inapata 7.08, ya pili 19.58, ya tatu 29.58, na kadhalika. Lakini hakuna mwalimu anayeweza kufundisha nukta hamsini na nane ya neno. Lazima desimali iondolewe, na hapo ndipo nilipojikwaa.

Programu yangu iliikata. Wiki ya pili ikapewa 19, ya tatu 29, na nukta 58 zikatupwa kila mara kama makombo. Makombo ya wiki 12 yakijumlishwa ni 4 kamili. Hizo ndizo istilahi zilizopotea. Si kwamba tarakilishi iliharibika. Ilitii amri yangu kwa uaminifu usio na huruma.

Msomaji mwerevu atasema: basi usikate, ipeleke kila desimali kwenye nambari nzima iliyo karibu. Nami nilidhani hivyo. Nilipojaribu, wiki ya pili ilipata 20, ya tatu 30, ya sita 45, na jumla ya wiki 12 ikawa 362. Sasa nilikuwa na istilahi mbili ambazo hazipo duniani! Njia ya kwanza ilimnyima mwanafunzi haki yake. Ya pili ilimwahidi kisichokuwapo.

Dawa ni rahisi mno hata mtu huona haya kwa kutoifikiria mapema. Usisawazishe mafungu, sawazisha limbikizo. Yaani, mwisho wa kila wiki tafuta jumla inayopaswa kuwa imefikiwa, uipeleke jumla hiyo kwenye nambari nzima iliyo karibu, kisha utoe jumla ya wiki iliyotangulia ambayo nayo imekwisha kusawazishwa. Malimbikizo yanakuwa 7, 27, 56, 93, 135, 180, 225, 267, 304, 333, 353 na 360. Mafungu ya wiki, kwa kutoa, ni 7, 20, 29, 37, 42, 45, 45, 42, 37, 29, 20 na 7. Jumlisha uone. Ni 360, bila pungufu wala ziada, na haiwezi kuwa vinginevyo, kwa sababu limbikizo la mwisho ni kitu kizima chenyewe.

Kanuni hii inapita mipaka ya somo langu. Anayetazama vipande tu hupoteza kizima pasipo kujua; anayekishika kizima mkononi na kuvitoa vipande kutoka humo hapotezi kitu. Mhasibu anayegawa fedha kwa miezi, daktari anayegawa dawa kwa siku, na mwandishi wa programu za mishahara, wote wanakabiliwa na makombo yale yale. Tofauti ni kwamba makombo ya fedha yana mwenyewe, na siku moja atakuja kuyadai.

Aidha, tusidhani kwamba kugawa kwa mpindo ni jambo la kigeni lililoletwa na mashine. Walimu wakuu na wazazi wa Kenya wanaijua vyema hesabu ya 50, 30 na 20. Ndivyo fedha za shule zilivyozoeleka kugawanywa kwa mihula mitatu ya mwaka: nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, asilimia 20 wa tatu. Hakuna anayelalamika kwamba mihula haikupewa theluthi moja moja. Sababu inaeleweka, kwani mwanzo wa mwaka una matumizi mengi, na muhula wa tatu ni mfupi. Huo ni mpindo, ijapokuwa umechorwa kwa nukta tatu tu. Ajabu ni kwamba tunakubali fedha zisigawanywe sawa, ilhali maarifa, yaliyo magumu zaidi kubeba, tunayagawa kama mikate ya msaada.

Na maarifa yana adui ambaye fedha hazina: hayo husahaulika. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akangoja, kisha akapima ni kiasi gani cha juhudi alichookoa alipozikariri upya. Baada ya dakika 20 hivi aliokoa asilimia 58. Baada ya saa moja 44. Baada ya siku moja takriban 34. Baada ya siku 6 asilimia 25. Na baada ya siku 31 asilimia 21. Huo nao ni mpindo, unaoporomoka kwa kasi mwanzoni kisha ukatambaa. Ni kweli kwamba silabi zisizo na maana si maneno ya lugha hai, na mtu mmoja si darasa zima. Lakini kila mwalimu aliyeuliza Jumatatu alichofundisha Ijumaa anaufahamu mporomoko huo.

Ebbinghaus alionyesha jambo jingine linalowahusu wanafunzi wetu wanaokesha na mishumaa usiku wa kuamkia mtihani. Katika orodha ya silabi 12, marudio 38 yaliyotawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa mfululizo katika siku moja. Kazi ilikuwa ile ile, matokeo yale yale, ila gharama ilipungua kwa karibu nusu kwa sababu tu ya namna ilivyogawanywa katika muda. Programu za kufundishia maneno zimejengwa juu ya msingi huu. Ile aliyoiandika Piotr Woźniak wa Poland mwaka 1987 ilirudisha neno baada ya siku 1, kisha baada ya siku 6, na kuanzia hapo ikazidisha muda huo kila mara, kwa kiasi kinachoanzia 2.5 na kubadilika kulingana na ugumu wa neno.

Basi nilirudi kwenye istilahi zangu nikiwa na swali jipya. Tuseme kila istilahi irudiwe mara mbili: wiki moja baada ya kufundishwa, na tena wiki ya tatu baada ya kufundishwa. Mzigo wa wiki sasa si istilahi mpya peke yake. Ni mpya pamoja na zinazorudi. Je, ni ugawaji upi ulio bora? Nilipima mitatu.

Wa kwanza ni ule wa sawasawa, 30 kila wiki. Kuanzia wiki ya 4 hadi mwisho, mwanafunzi anabeba istilahi 90 kila wiki: 30 mpya, 30 za wiki iliyopita, na 30 za wiki tatu zilizopita. Mzigo umetulia na unatabirika. Lakini istilahi za wiki ya 10, ya 11 na ya 12 hazipati nafasi ya marudio ya pili kabla ya mtihani. Hizo ni 90, robo nzima ya kazi. Kati yake, 30 za wiki ya mwisho hazirudiwi hata mara moja.

Wa pili ni kengele niliyoieleza. Istilahi zinazokosa marudio ya pili zinapungua hadi 56, na zinazokosa marudio yote ni 7 tu. Lakini mzigo hautulii. Katika wiki ya 8 unafika 129.

Wa tatu ni kengele ambayo nundu yake nimeisogeza mbele, kilele kikawa wiki ya 4. Mafungu ni 13, 35, 46, 53, 52, 49, 40, 32, 22, 12, 5 na 1. Hapa zinazokosa marudio ya pili ni 18 pekee, na isiyorudiwa kabisa ni moja. Mwisho wa muhula unakuwa mwepesi, na mwanafunzi ana pumzi ya kujiandaa. Lakini wiki ya 6 inamtaka abebe istilahi 147.

Naomba msomaji azitazame jozi hizo tatu kwa utulivu: 90 na 90; 129 na 56; 147 na 18. Nambari ya kwanza katika kila jozi ni uzito wa wiki iliyo nzito kuliko zote. Ya pili ni idadi ya istilahi zinazoachwa bila marudio ya pili. Moja ikishuka, nyingine hupanda. Hakuna mpindo usio na gharama. Na tarakilishi, ambayo huhesabu yote haya kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, haiwezi kutuambia lililo bora. Je, ni afadhali mwanafunzi achoke katikati au asahau mwishoni? Hilo si swali la hisabati. Ni swali la ualimu, tena la ubinadamu.

Waandishi wa programu wenyewe wamewahi kukutana na swali la aina hii katika kazi yao. Mwaka 1978 Mmarekani Lawrence Putnam, akifuata uchunguzi wa Peter Norden wa kampuni ya IBM, alieleza kwamba nguvukazi katika mradi mkubwa wa programu hufuata mpindo unaopanda haraka, ukafika kileleni mapema, kisha ukashuka kwa mkia mrefu. Kabla yake, mwaka 1975, Fred Brooks alikuwa amekwisha kuonya katika kitabu chake maarufu kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa kuwa wageni lazima wafundishwe na wenyeji wanaopaswa kuwa kazini. Sisi walimu tuna namna yetu ya kufanya kosa hilo: madarasa ya ziada ya dakika za mwisho, alfajiri na usiku, ambapo mada za muhula mzima hushindiliwa katika siku kumi.

Nini basi nilichoamua? Niliwaonyesha wanafunzi waliofuata ile mipindo mitatu, nikawauliza. Mjadala ulikuwa mkali kuliko wowote niliowahi kuuona kuhusu fonimu. Wengi walipenda mpindo wa tatu, lakini kijana mmoja aliyeketi nyuma akauliza swali ambalo mimi, pamoja na shahada zangu zote, sikuwa nimejiuliza: "Daktari, kwani lazima ziwe 360?"

Kimya kilitanda. Hakika, mpindo hugawa mzigo, haupunguzi. Nilikuwa nimetumia majuma mengi kutafuta namna bora ya kumpakia punda, bila kuuliza kama vyote vilivyomo guniani vinahitajika safarini. Nilirudi kwenye orodha nikaondoa istilahi 60 ambazo, kusema kweli, zilikuwamo kwa sababu mimi pia nilifundishwa nazo. Kwa istilahi 300 na mpindo ule ule wa tatu, kilele kilishuka hadi takriban 122, chini hata ya kile cha kengele ya kwanza, na zinazokosa marudio ya pili zikawa kama 15. Hakuna kanuni ya hisabati ingeweza kunipa nafuu hiyo. Iliyonipa ni sauti ya kijana kutoka viti vya nyuma.

Nina mambo matatu ya kuwaomba wenzangu. La kwanza, tuache kuyaona maazimio ya kazi kama karatasi ya kumridhisha mkaguzi. Mstari ulionyooka nao ni uamuzi. Ni mpindo uliochaguliwa na mtu ambaye hakujua kwamba anachagua. Siku hizi shule nyingi zina programu zinazopanga ratiba na masomo zenyewe. Tusizikubali ratiba hizo kana kwamba zimeshuka kutoka mbinguni. Nyuma ya kila programu yupo mtu aliyeuchagua mpindo, na yamkini hajawahi kusimama mbele ya darasa la wanafunzi 60 wiki ya kwanza ya muhula.

La pili, mwalimu wa lugha na mwalimu wa hisabati waketi meza moja. Mmoja anajua kinachosahaulika. Mwingine anajua kukipima. Mazungumzo hayo yanaweza kufanyika kwa Kiswahili bila taabu, kwani nimeyafanya hapa. Tumezoea kudhani kwamba lugha hii ni ya methali na mashairi tu, na kwamba hesabu ina lugha yake. Pipa, mvua, kengele na nundu vimetosha kubeba kanuni ambayo wengi huiogopa kwa sababu tu waliisikia kwa lugha waliyoikariri.

La tatu, tuhesabu tulichowapa kabla ya kuwapima kwacho. Mwanafunzi akiandika kwamba hakufundishwa, tusikimbilie wino mwekundu. Wapo wavivu, sikatai. Lakini yupo pia yule aliyezipanga karatasi zake zote 12 kwa tarehe, akazipitia mara tatu, na bado akaja mlangoni akisema kwamba pengine yeye ndiye asiyeona.

Karatasi zile aliniachia. Ziko kabatini mwangu hadi leo, zote 12, na kila mwanzo wa muhula, kabla sijachapisha karatasi ya wiki ya kwanza, mimi huzijumlisha za muhula mpya kwa kalamu, fungu moja baada ya jingine, hadi nifike mwisho wa orodha.